Betri Niliyoiongeza

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Tarime, na miaka yote niliyomjua alirudi nyumbani baada ya swala ya Magharibi. Alifunika cherehani yake pale barazani, akaenda msikitini, kisha akapanda baiskeli kuja kwetu, pembezoni mwa Turwa, mahali ambapo nyumba zinaanza kupungua na migomba inaanza kuongezeka. Njia yetu inateremka kilima cha upande wa pili, inavuka kijito, halafu inapanda mpaka uani. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mlango wa jiko letu anauona mteremko wote, kuanzia kwenye mikaratusi kule juu hadi darajani. Mama alisimama hapo kila jioni, mwiko mkononi.

Alichokuwa akikitazama ni taa. Baiskeli ya baba ilikuwa ile nyeusi ya zamani, nzito, yenye madigadi ya chuma na kichupa cha dainamo kilichosugua tairi la nyuma. Ukikanyaga, taa inawaka. Ukikaza mwendo, inakolea. Ukisimama, inazimika papo hapo, maana dainamo haina akiba. Mwanga wenyewe ulikuwa wa njano na hafifu, wa kumwonyesha dereva wa lori kwamba kuna binadamu mbele yake, si wa kumwonyesha baba njia. Lakini mama aliusoma kama barua. Taa ikikolea alisema, "Ameachia breki huyo, mzee mzima." Ikififia alisema leo amechoka, na alitia sukari zaidi kwenye chai.

Alikuwa na sababu ya kusoma. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, baba aliangushwa na presha palepale mteremkoni. Mama aliona taa imezimika katikati ya kilima na haikuwaka tena. Akasubiri kidogo, kisha akapiga yowe.

Kwa Wakurya yowe si mchezo. Mama ni Mkurya wa kuzaliwa. Baba alikuwa mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja kutoka pwani, hivyo sisi nyumbani tuliswali Kiarabu na kugombana Kikurya. Yowe likipigwa jioni, watu wanajua ng'ombe wameibiwa, na kila mwanamume anayelisikia anatoka na alichonacho. Anayelipiga bila sababu ataulizwa mbele ya wazee. Siku ile walitoka na mikuki, mishale na tochi, wakiuliza ng'ombe wameelekezwa wapi. Mama akanyoosha kidole kule kilimani. "Si ng'ombe," akawaambia. "Ni mume wangu." Wakamkuta baba mtaroni, wakambeba mpaka hospitali, na huko wakaambiwa wamemuwahi. Baada ya wiki chache alikuwa anashona tena. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefika wa kwanza na mkuki wake, hakuacha utani. Kila akipita uani jioni alimuuliza mama, "Ng'ombe wetu amerudi zizini?" Mama anamjibu amerudi, yuko ndani anakunywa chai.

Tangu hapo wazazi wangu wakawekeana utaratibu wao. Baba alikuwa mtu wa maneno mengi. Hakuweza kumpita mtu bila salamu, na salamu zake zilianza na afya ya watoto zikaishia kwenye bei ya mbolea. Akisimama kuongea taa inazimika, na mama moyo unamruka. Kwa hiyo kila aliposimama aliiweka baiskeli kwenye stendi, akainama, akazungusha pedeli kwa mkono mara mbili tatu. Taa ikameta kidogo kule kilimani. Maana yake: niko salama, naongea na mtu, teleka maji ya ugali. Taa ikizimika bila kumeta, mama alisoma Alhamdu mara tatu, polepole. Akimaliza ya tatu bado giza, anapiga yowe. Kwa miaka kama saba hakulazimika kulipiga, kwa sababu baba hakusahau kuzungusha hata siku moja.

Haya yote niliyajua. Nayasema mapema kwa sababu watu wengi wamenitafutia mlango wa kutokea, na mimi najua haupo.

Mimi ni fundi wa umeme wa jua. Nafanya kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Natta. Natunza paneli, betri na taa za mahema. Ni kazi nzuri, ila kwa mwanamke huku kwetu ni kazi ya kujieleza kila siku, na kujieleza kila siku kumenifanya mjuaji. Mtu akinionyesha kitu kibovu simwachi mpaka nikitengeneze, na nikishakitengeneza nakiongezea jambo ambalo hakuliomba. Siwezi kuvumilia kitu kinachofanya kazi nusu. Taa inayozimika ukisimama, kwangu mimi ilikuwa nusu taa.

Nilikuja likizo ya wiki mbili. Kwenye begi nilikuwa na taa ya sola iliyokufa paneli, ambayo kambini walitaka kuitupa. LED zake, vile vijitaa vidogo vyeupe, zilikuwa nzima na betri yake ilikuwa nzima, na kuanzia Mugumu mpaka Tarime, njia nzima kwenye basi, nilikuwa nachora kichwani jinsi nitakavyoifunga kwenye baiskeli ya baba.

Siku ambayo hakwenda mjini nikatandika mkeka uani, nikaigeuza baiskeli magurudumu juu. Umeme wa dainamo unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Balbu ya zamani haijali, lakini LED inataka umeme wa kuelekea upande mmoja tu. Nikang'oa dayodi nne kwenye redio mbovu ya mama, nikazilehemu kwa mpangilio wa kuunyoosha ule umeme. Nikatoa balbu, nikapanga LED sita ndani ya kioo kilekile cha taa. Nikazungusha pedeli. Ikawaka nyeupe, mchana kweupe, mpaka kuku wakakimbia.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, ananitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye akipiga pindo nilipokuwa mdogo.

"Basi, hapo panatosha," alisema. "Umebadilisha balbu. Funga."

"Bado, baba. Naongeza betri."

"Ya nini tena?"

"Ili ukisimama isizimike. Ukikanyaga, dainamo itaichaji. Ukisimama, betri inaendelea yenyewe. Hutainama tena kuzungusha pedeli na mgongo wako huo."

Akacheka, akasema mgongo wake haujamshitakia kitu. Mama alikuwa anapeta ulezi karibu na jiko. Akasimamisha ungo.

"Kwa hiyo akisimama haizimiki?"

"Haizimiki, mama."

"Na akianguka?"

"Haizimiki. Ndiyo uzuri wake."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Lilikuwa swali jepesi namna hiyo. Nilikuwa na chuma cha kulehemu cha moto mkononi, jasho usoni, na dayodi nne zilizokaa vizuri kuliko ambavyo fundi yeyote wa mjini angezikalisha. Nilimjibu bila kuinua kichwa. "Simu zipo siku hizi, mama. Taa ikiwaka, ujue yupo." Mama akamtazama baba. Baba akanitazama mimi, akaona jinsi nilivyokuwa na furaha. "Mwache afanye," akamwambia. "Mwanao ni injinia." Mama akaendelea kupeta.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko swala. Baba alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akiinama kila jioni ili mkewe apumue. Alikubali kwa sababu hakutaka kunivunja moyo, na hilo linaniuma kuliko yote. Laiti angenikaripia, angeniambia mwenye baiskeli ni mimi, weka vitu vyako chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunawaambia watoto. Mimi guu langu ni zima.

Kesho yake jioni baba alipochomoza kwenye mikaratusi mteremko wote ulionekana, mawe, majani, mbuzi wa watu waliochelewa kufungwa. Jirani yetu alitoka nje kutazama, akasema alidhani ni gari la serikali. Baba aliingia uani, akashuka, taa ikabaki inawaka, naye akazunguka mbele kuitazama mwenyewe huku akifinya macho. "Leo nimehesabu hata siafu," alisema. Nilijisikia kama nimemnunulia gari. Mama akasema, "Sasa sijui kama anakanyaga au anasukuma." Ilikuwa kweli. Mwanga wa betri haukolei wala haufifii, unakuja vilevile, mtu awe na nguvu au asiwe nazo. Nikamwambia atazoea.

Zikapita jioni tisa. Baba alisimama kuongea na watu, taa ikabaki inawaka, akamaliza maneno yake akaja. Hakuinama tena. Mama aliendelea kusimama mlangoni kwa mazoea tu, maana hakuwa na cha kusoma.

Jioni ya kumi kulikuwa na ubaridi na kaukungu kadogo kando ya kijito. Mama na mimi tulikuwa jikoni tunapika ugali wa mtama na muhogo. Taa ikatokea kwenye mikaratusi, ikashuka kama robo ya kilima, ikasimama. Ilitazama kwetu, nyeupe, imetulia.

"Amesimama," mama alisema.

"Anaongea. Si unamjua baba."

Tukasonga ugali. Mama akatoka tena mlangoni. "Bado amesimama." Nikamwambia huenda amekutana na mteja anayedai suruali yake. Nikapiga simu, haikupatikana. Baba alikuwa akiizima anapoingia msikitini na kusahau kuiwasha, kila siku ya Mungu, na hilo nalo nililijua siku nilipomwambia mama kwamba simu zipo. Nikacheka. Pikipiki ikashuka ule mteremko, ikaipita taa bila kupunguza mwendo, na mimi nikasema, unaona, kungekuwa na shida yule angesimama. Baadaye mwenye pikipiki alitueleza kwamba aliona baiskeli iko kwenye stendi, taa inawaka vizuri, akajua mwenyewe ameingia kichakani kujisaidia.

Mama akaanza kusoma Alhamdu. Sikusikia sauti, niliona midomo. Alisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, na nilijua pumzi hiyo ni ya nini. Nikamshika mkono.

"Mama, taa inawaka. Uwatoe wanaume wote na mikuki waje wamkute baba anapiga soga? Utatuaibisha."

Akanisikiliza. Mama yangu, ambaye katika jambo la mumewe hakuwahi kumsikiliza mtu, alinisikiliza mimi kwa sababu nilikuwa nimesoma na taa ilikuwa yangu. Tukaingia ndani. Nikasema tukimsubiri ugali utapoa, tutamwekea wake. Tukala.

Adhana ya Isha ilipoanza kusikika kutoka mjini, mama alinawa mikono, akajifunga kanga ya pili, akatoka bila kuniambia kitu. Nikamfuata nikiwa nimenuna. Ningependa kuandika kwamba nilikimbia, lakini nilitembea nyuma yake nikinung'unika kwamba tunakwenda kumfumania baba na wazee wenzake. Tulivuka daraja tukaanza kupanda. Taa ilitupiga machoni moja kwa moja, hatukuweza kuona kitu chochote nyuma yake mpaka tulipoifikia. Nilikuwa nimezipanga LED zote sita zielekee mbele.

Baiskeli ilikuwa imesimama wima kwenye stendi. Baba alikuwa amekaa chini nyuma yake, ndani ya majani marefu, ameegemea ukingo wa barabara, kofia imeanguka. Inaelekea alijisikia vibaya, akashuka, akaiegesha kwa adabu kama kawaida yake, kisha akakaa. Alikuwa hai. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, na mkono wa upande huo ulikuwa umelala tu kwenye majani. Alimwona mama. Alitaka kusema kitu, akajitahidi, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Hapo ndipo mama alipopiga yowe. Watu wakatoka kila upande, na mzee jirani yetu akawa wa kwanza kufika tena, akihema, mkuki mkononi.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi, dada aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, mpole. Alishika kalamu akauliza, "Ilianza saa ngapi?" Sikujua wakati ule kwamba kwa kiharusi wanauliza hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu dawa na msaada wake vinategemea jibu. Mjini na kijijini hakuna aliyeijua hiyo saa isipokuwa mimi na mama, tuliokuwa mlangoni tukiitazama. Nikaitaja. Muuguzi akatazama saa ya ukutani, akaandika.

Baba alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Mkono wake mzima ulikuwa ndani ya mikono ya mama. Alizikwa alasiri ileile.

Msibani yule mzee jirani alikuja kukaa karibu nami. Sikumwona na ubaya wowote, alikuwa analia kama sisi. "Mwanangu," alisema, "mbona hamkupiga yowe mapema? Sisi tungekuja tu. Hata kama tungemkuta anaongea, tungecheka tukarudi kulala." Aibu niliyokuwa nikimkinga nayo mama haikuwepo popote; niliitengeneza mwenyewe.

Watu walinifariji sana. Shangazi zangu waliniambia siku yake ilikuwa imefika. Imamu alisema hivyo hivyo. Wenzangu wa kambini walinipigia simu mmoja mmoja: usijilaumu, hata angewahishwa huenda ingekuwa vilevile. Naamini siku ya mtu ikifika imefika. Lakini imani hiyo haikunisaidia kulala, kwa sababu wote waliosema hivyo hawakuwepo jikoni. Nilitaka kulisikia neno hilo kutoka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekaa eda chumbani kwake, haongei mengi.

Kabla ya kurudi kazini niliikata ile betri kwa koleo. Sikuifungua kwa utaratibu kama fundi, niliikata na waya zake nikaitupa kwenye shimo la taka. Mama alikuwa dirishani. Hakunizuia.

Miezi minne na siku kumi ilipokwisha nilikuja kutoka Natta ili niwe naye siku ya kutoka eda. Alioga, akavaa, wanawake wakaja wakala wakaondoka. Tukabaki wawili uani, ungo wa maharage katikati yetu, tunachambua. Nilikuwa nimejiandaa tangu Mugumu.

"Mama," nilisema, "kila mtu ananiambia si mimi. Naomba na wewe uniambie."

Aliendelea kuchambua. Alitupa kijiwe, akatupa kingine.

"Nilikusamehe siku ileile," alisema, "tukiwa bado barabarani, kabla watu hawajafika. Wewe ni mwanangu, nikutupe wapi?" Kisha akaniangalia. "Lakini usinitake niseme si wewe. Nilikuuliza nitajuaje, ukanijibu bila hata kunitazama. Ni wewe. Na ni mimi. Yowe lilikuwa limeshafika hapa kooni, nikalimeza, nikaingia ndani nikala ugali, na nikauona mtamu."

Nililia kwa sauti, majirani wakasikia, na mama hakuninyamazisha.